Kitiwi wa Gongwe

Kitiwi hakati wimbo, hukatiwa. Ndivyo Bi Shemsa alivyomjibu mwalimu leo asubuhi, mwalimu alipotaka kumfuta mwenzenu Zuwena daftarini kwa utoro, na nyinyi mkacheka mkidhani bibi kachanganya ndege na shule. Hakuchanganya. Mnataka kujua maneno hayo yalizaliwa wapi, basi yalizaliwa hivi, na mwenye kucheka acheke mapema, maana huko mbele nafasi itakuwa ndogo.

Kisiwa cha Dongomwe kiko mbali kiasi kwamba zamani habari ya msiba ilifika bara marehemu keshasahauliwa. Katikati yake kuna msitu, Gongwe, na ndani ya Gongwe kuna ndege ambaye hayuko popote pengine. Mabaharia waliotembea pwani yote waliulizwa, na kila mmoja alijibu hajapata kumsikia kwingine. Ni mdogo, anaenea kwenye ngumi ya mtoto, na rangi yake ni ya majani, kwa hiyo watu walimjua kwa sikio kuliko kwa jicho. Wimbo wake una vipande viwili. Cha kwanza kinapanda: tiwi, tiwi, tiwii. Cha pili kinashuka, kizito, kama maji yanayomiminwa mtungini. Kati ya vipande hivyo huwezi kupitisha hata uzi.

Kila mtu wa Dongomwe alijua, tangu babu wa babu, kwamba kitiwi ni ndege mmoja mwenye wimbo mrefu. Na juu ya wimbo huo wakaweka sheria yao.

Mtu akituhumiwa jambo zito na shahidi hakuna, alipelekwa Gongwe alfajiri, kwenye mtondoo mkubwa ambako kitiwi hakosi kuimba. Anaweka kiganja kwenye gome, anaapa, halafu watu wote wananyamaza. Kitiwi akiimba wimbo mzima, mtuhumiwa anarudi kwake kunywa uji. Akiimba nusu akakata, basi ndege amekataa kumalizia kiapo cha uongo. Kwa haki, jambo lilirudiwa asubuhi tatu. Wimbo ukikatika zote tatu, mtu anapandishwa chombo cha chumvi, kile kilichokuja mara mbili kwa mwaka, na hatii tena mguu Dongomwe. Na mwenye kumtega kitiwi, adhabu yake ilikuwa hiyo hiyo.

Sasa, alikuwapo mtega ndege mmoja akiitwa Vuai. Ulimbo wake wa utomvu wa fenesi ulisifiwa kisiwa kizima. Njiwa akigusa kijiti cha Vuai, mwenye nyumba anaweza kuanza kukuna nazi. Sifa yake ya pili ilikuwa utani. Alijua kupiga mbinja ya kila ndege, na alipenda kujibanza nyuma ya kiambaza cha mkwewe, Bi Mosi, akaimba kama kitiwi. Bi Mosi hakuwahi kumsikia kitiwi bila kusimama kwa adabu. Anasimama, uji unaungua. Lakini kipande cha pili cha wimbo hakikuwezwa na mdomo wa mtu yeyote, hata wa Vuai, kwa hiyo wimbo ulikatika pale pale, Bi Mosi akajua ni nani, akatoka na mwiko. Alimwita kima. Alimwambia bintiye, Mize, kwamba ameolewa na kima aliyevaa shuka.

Mize alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, na haikukaa vizuri. Bi Mosi, ambaye ndiye mkunga pekee wa kisiwa, alimlaza kitandani na kumkataza hata kufika uani. Mize alivumilia yote ila moja: alizoea kuokota kuni pembeni mwa Gongwe alfajiri, na sasa hamsikii kitiwi. Akamwambia mumewe hivyo mara moja tu, kwa kupita. Vuai akalibeba neno hilo kama agizo.

Akaenda msituni peke yake, akapaka ulimbo kijiti kimoja kwenye mtondoo ule ule wa viapo, maana ndege wa hapo hawaogopi watu. Haikuchukua muda. Kitiwi akatua, akanasa. Mwingine akaja akazunguka kichwa cha Vuai mara tatu, akilia, mpaka Vuai akampungia mkono aende zake. Alidhani ni wa jirani. Ulimbo ulikuwa umegandana kwenye bawa moja, haubanduki, basi alipofika nyumbani akachukua mkasi wa Mize, akazipunguza nyoya za bawa hilo. Akamtia ndege tunduni, akamficha kwenye dari ya jiko la uani. Aliwaza kwamba siku ndege atakapozoea na kuimba, ndipo atakapomtia ndani, amshtue mkewe kwa furaha.

Ndege alikula papai, alikula mayai ya sisimizi, wala hakuimba. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya.

Siku ya nne ghala la mbegu likaungua. Mtama wote wa kupanda, wa kisiwa kizima, ukawa majivu kabla jua halijapanda. Watu wakaulizana nani alipita pale na moto, na jibu likawa moja. Bi Mosi alipita alfajiri na chetezo chenye makaa, akitoka kumfukiza mzazi wa upande wa pili. Hakukana kwamba alipita. Alikana kwamba hata cheche moja ilianguka, na alipotakiwa aeleze zaidi akasema yeye hana maelezo ya akiba. Jumbe Mwinyimvua, mzee mrefu aliyekuwa mkuu wa Dongomwe, akaamua kama walivyoamua waliomtangulia: Bi Mosi aende Gongwe. Chombo cha chumvi kilikuwa tayari bandarini. Kingeng'oa nanga Jumatatu adhuhuri.

Jumamosi alfajiri Bi Mosi akaweka kiganja kwenye gome, akaapa. Mtini ikaja tiwi, tiwi, tiwii, halafu kimya. Vuai alikuwa amesimama na wengine. Wazo lake la kwanza lilikuwa kama la kila mtu pale, kwamba kumbe bibi huyu aliunguza kweli.

Nyumbani akaenda jikoni kumwekea ndege papai. Wimbo ule wa nusu ulikuwa bado umemganda masikioni, na bila kukusudia, kama mtu anavyokuna mahali panapowasha, akaupiga kwa mbinja. Tiwi, tiwi, tiwii.

Darini yakamiminika maji mtungini.

Vuai akabaki na kipande cha papai mkononi. Akapiga tena. Ndege akajibu tena, kipande cha pili kitupu, kizito, kimeungana na kile cha kwanza bila nafasi ya uzi. Akangoja. Ndege hakuanza. Ndege huyu hakuwa na mwanzo. Mwanzo alikuwa nao yule aliyemzunguka kichwa mara tatu, na sasa yuko mtondooni peke yake akiita, na watu wanamhesabia kimya kile kuwa ni ushahidi.

Akakaa chini. Akili yake ikaanza kukimbia huku na huku kama panya aliyefungiwa. Amwachie ndege? Bawa limekatwa, atatembea kwa miguu mpaka Gongwe, aliwe na paka njiani. Aseme? Akisema atapanda chombo yeye, na mkewe kitandani. Anyamaze? Hakuna aliyemwona. Hakuna atakayejua. Kutwa nzima alijificha mgombani akijaribu kuitoa sauti ile ya maji, kwa koo, kwa pua, kwa viganja viwili vilivyofumbatwa. Aliambulia kikohozi.

Jumapili alfajiri Bi Mosi akaapa mara ya pili, na wimbo ukakatika mara ya pili. Safari hii watu walianza kumpisha njia, kama anavyopishwa mwenye ndui. Bi Mosi alipita katikati yao hajainamisha kichwa. Alipofika kwa Vuai akasimama.

"Kima," akamwambia, kwa sauti ya chini, "mwanangu akishikwa na uchungu mimi sipo, mlaze ubavu wa kushoto. Usimwache akalala chali. Umesikia?"

Hakusubiri jibu.

Vuai alikwenda nyumbani akalishusha tundu, akaliingiza ndani, akaliweka mbele ya kitanda cha Mize. Akamweleza yote, tangu kijiti mpaka dari. Mize alisikiliza akiwa amelitazama bawa.

"Ulitumia mkasi wangu," akasema mwishoni.

"Nilitumia mkasi wako."

"Kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

"Basi Vuai, sikiliza. Mama yangu akipanda kile chombo, hilo nalo litakuwa kwa ajili yangu. Mimi siwezi kulibeba na mtoto pamoja. Chagua nipunguze kipi."

Hapo ndipo Vuai alipopata shauri, na lilikuwa shauri la mtani. Desturi ilikuwa kwamba asubuhi ya tatu jamaa za mtuhumiwa huja na masurufu ya safari, kama itabidi. Yeye atakuja na pakacha. Juu ataweka mihogo ya kuchoma. Chini, ndani ya kanga, ataweka tundu. Atakaa nyuma kabisa, kichakani. Kanga ataisogeza kidogo, ndege wa mtini ataanza, wa pakachani atamalizia, Bi Mosi atarudi kwake, na siri itabaki kati ya watu wawili na ndege wawili. Mize alimwuliza mara moja tu kama ana hakika. Akasema anayo. Hakuwa nayo.

Jumatatu msitu ulikuwa na ukungu. Kisiwa kizima kilikuja, hata wagonjwa. Vuai alikuwa amekwisha kujibanza nyuma ya vichaka pakacha mapajani, Jumbe alipoinua fimbo na kutaka mwenye masurufu aje mbele, ayaweke miguuni pa mtuhumiwa, ndivyo ilivyo. Watu wakageuka. Vuai akaondoka kichakani, akapita katikati ya macho yote yale, akachuchumaa hatua mbili kutoka kwa mkwewe. Pakacha akaliweka chini, mkono hakuuondoa.

Bi Mosi akaapa mara ya tatu. Sauti yake haikutikisika.

Kimya. Umande ulidondoka kutoka jani hadi jani. Halafu mtini: tiwi, tiwi, tiwii.

Pakachani, hakuna kitu.

Vuai alikuwa mtega ndege tangu utoto, na bado jambo dogo kama hilo lilimpita: ndege aliyefunikwa huona ni usiku, na usiku haimbi. Ndiyo maana watega ndege hufunika. Akaingiza vidole viwili chini ya mihogo, akaitafuta ncha ya kanga, akavuta. Kanga ilikuwa imekwama kwenye mbao za tundu. Mtini ndege akaita mara ya pili. Sheria ilimpa ndege muda wa kumaliza wimbo mpaka jua liguse gome, na mwanga ulikuwa umeshaanza kuteremka juu ya shina, taratibu, kama mtu mwenye uhakika wa kufika. Vuai akakohoa, akatikisa pakacha. Muhogo mmoja ukabingirika. Jumbe akamtazama.

Ndege akaita mara ya tatu, na safari hii hata wasiojali waliisikia ile sauti inavyosubiri.

Jua likagusa gome. Jumbe akafungua kinywa.

Vuai akalipindua pakacha. Mihogo ikatawanyika miguuni pa wazee, akaichana kanga kwa nguvu, na tundu likabaki wazi kwenye mwanga mbele ya Dongomwe nzima. Kwa muda wa pumzi mbili hakuna kilichotokea ila watu kumtazama mtu ambaye amejimaliza. Kisha mtini ikaja tiwi, tiwi, tiwii, na kutoka ardhini, katikati ya mihogo, maji yakamiminika mtungini.

Jumbe alikuja polepole.

"Una nini humo, Vuai?"

"Masurufu ya mkwe wangu, Jumbe."

"Masurufu yanaimba?"

Mtu mmoja akacheka, kwa hofu, akaacha. Vuai akapiga magoti. Akasema huyu ni jike la yule aliye mtini. Akasema alimtega yeye, kwa ulimbo, siku tatu kabla ghala halijaungua, na tangu siku hiyo wimbo wa hapa umekuwa nusu kwa kila mtu, mkweli na mwongo, hata angeapa malaika.

Mzee mmoja akasema huo ni uchawi, bibi na mkwewe wamepanga. "Uchawi gani," akajibu Bi Mosi, "huyu hajui hata kufunga kamba za kitanda."

Jumbe hakubishana na yeyote. Akachuchumaa, magoti yakilia, akalifunika tundu kwa joho lake. Mtini wimbo ukaanza na ukakatika. Akalifunua. Wimbo ukaanza na ukamalizika. Akafunika tena, akafunua tena. Watu walidhani anahakikisha, na mara ya kwanza alikuwa anahakikisha. Lakini alirudia mara ya tatu, na ya nne, na ya tano.

"Sadala," akasema Jumbe. "Sadala aliapa mwezi gani?"

Wote walijua. Sadala alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, mdogo wake. Miaka tisa nyuma alituhumiwa kuhamisha mpaka wa shamba la yatima. Aliapa kwenye mti huu asubuhi tatu, na wimbo ulikatika zote tatu. Aliyemshika mkono kumpandisha chombo alikuwa Jumbe mwenyewe, ili watu wasije wakasema amempendelea.

"Masika yalikuwa yanaanza," akasema Bi Mosi. Alisema kwa upole, na kwa watu waliomjua hilo lilitisha kuliko yote ya asubuhi ile. "Ndege wanalalia. Jike likiwa juu ya mayai litaimba vipi, Jumbe? Mzazi hana sauti. Hata sisi tunawafungia mlango siku arobaini."

"Mbona siku ile hukusema?"

"Siku ile nilijua ni ndege mmoja. Kama ulivyojua wewe."

Jumbe akakaa kwenye mzizi wa mtondoo. Alikaa muda mrefu, na watu walikaa naye, kila mmoja akiwahesabu wake: huyu mjomba, yule mume, yule jirani aliyelia kwamba hakuiba. Orodha ilikuwa ndefu. Wengine walikuwa waongo kweli, bila shaka. Ila sasa hakuna aliyeweza kusema ni wepi.

Alipoinuka, wazee wakamkumbusha kuwa kuna suala la Vuai, na sheria ya mwenye kumtega kitiwi inajulikana. Jumbe akauliza, wakimpandisha Vuai chombo, nani atamleta jike hili kwa mumewe kila alfajiri mpaka bawa liote? Maana kwa kutembea halitafika.

"Mwacheni," akasema Bi Mosi. "Tangu amwoe mwanangu, ndiyo kazi ya kwanza kumwona nayo." Akainama, akaanza kuokota mihogo.

Ghala liliunguzwa na nani, haikujulikana hata baadaye. Adhuhuri nahodha wa chombo cha chumvi alisimama ufukweni akimwulizia mwanamke aliyeambiwa atambeba. Akaletewa mzee mrefu mwenye fimbo, na pakacha la mihogo ya kuchoma yenye mchanga. Wazee walimshika joho, wakamwambia umri wake si wa bahari, wakamwambia atume mtu akamlete Sadala. Akajibu kwamba siku ile hakutuma mtu.

Vuai alilibeba tundu kwenda Gongwe miezi mitatu na siku kadhaa, mvua na jua. Katikati ya siku hizo Mize alijifungua mtoto wa kike mikononi mwa Bi Mosi. Bawa lilipokamilika ndege alitoka tunduni, akapanda mtini bila kuaga. Hakuna aliyeapa tena kwenye mti ule.

Chombo cha chumvi kilirudi kusi ilipotulia. Vuai alikuwa miongoni mwa waliokwenda kushusha mizigo, na aliwaona wanateremka wawili: Jumbe, amekonda, na mtu mwingine mwenye pua ile ile, mvi zimemwingia, viganja vimechubuka kwa kusokota kamba za usumba wa nazi. Watu walirudi nyuma kwa aibu. Hakuna aliyejua salamu ya mtu kama huyo ni ipi. Basi akasogea Vuai, akatwaa mzigo wake, na kwa kuwa mdomo wake haujapata kuwa na mlango, akamwuliza ilikuwaje akakubali kurudi.

Sadala alisema kwamba alipomwona ndugu yake kwenye kizingiti, alisukuma mlango ili aufunge. Alimwambia kupitia upenyo kwamba kama amekuja kuuliza habari ya mpaka, jibu ni lile lile la miaka tisa.

"Hakuniomba radhi," akasema Sadala. "Kuomba hajui, cheo cha ujumbe kimemharibu. Alikaa chini pale nje, juani, tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilipochungulia, bado yupo. Ndipo akasema maneno manne, hayo tu, na mlango nikaufungua mwenyewe: kitiwi hakati wimbo, hukatiwa."